Skwota Aliyekunyonyesha

Ndugu yangu wa ziwa moja, Athmani,

Assalaamu alaykum. Nakutolea salamu kwa kuwa ni sunna, si kwa kuwa nina hamu nawe. Nimekuandikia huko Mombasa ulikohamia, hukujibu. Nimemtuma mtu mpaka mlangoni pako akaambiwa umelala, saa nne za asubuhi! Basi leo naandika barua ya kusomwa na yeyote, Ganda na Malindi mjini, maana hata wewe neno lile hukutwambia faraghani.

Naanzia pale usipopenda kuanziwa. Ulipozaliwa, mamako mzazi, Mungu amrehemu, alishikwa na homa na maziwa yakakatika. Ya mbuzi ukayatema, ya kopo ukayatapika. Babako akakubeba mwenyewe mpaka shambani huku Ganda, kwa mamangu, ambaye alikuwa amenizaa mimi juzi tu. Mama hakuuliza maswali. Alikupakata, akakuweka ziwa la kushoto, mimi nikabaki na la kulia. Nasimuliwa kwamba nikilionja la kushoto ulikuwa ukipiga ukelele mpaka majirani wanakuja kuuliza nani kafa. Ulikaa kwetu mpaka ukaachishwa, ukarudi mjini ukiwa unatembea.

Kwetu pwani hilo si jambo la kupita hivi hivi, na wewe unalijua vizuri, maana umesoma chuo cha Kurani kuliko mimi. Tukawa ndugu kisheria. Huwezi kunioa, na mbele yako sijifuniki kichwa. Mamangu akawa mama yako, haki ile ile. Jikoni kwetu uliingia bila hodi. Siku za Idi ulikuja na kanzu mpya inanukia udi, mama akikuvua anaitundika msumarini ili ukacheze, kisha anakupa sima na mboga ya mchunga, chungu hiyo, nawe unaramba sahani. Mamako mzazi alikuwa akicheka: “Haya, nenda kwa yule mama yako mwingine, chakula changu hukitaki.” Nilipoolewa, sina kaka wa tumbo moja, ni wewe uliyekaa mkekani mahali pa kaka yangu. Nilikutazama kwa ndani nikajiona nina watu.

Lakini hata katika mapenzi hayo sharti lilikuwapo. Babu yangu ndiye aliyefyeka msitu ule, ila hati iliandikwa kwenu, na babako, mtu wa heshima sana, hakucheka na sharti lake. Tulime mahindi, kunde, mihogo, vitu vya kung’oka. Mnazi hapana, maana mwenye mti hudai na ardhi. Mwembe hapana, mkorosho hapana. Nyumba iwe ya udongo na makuti, saruji isiingie hata sakafuni. Mama akiulizwa kwa nini hana hata mnazi mmoja uani, alijibu, “Mwenye shamba hataki, na mwenye shamba ni mwanangu.” Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada, watu wamepanga foleni toka alfajiri, mama alikusanya kunde zetu za mwisho akaniambia nikuletee mjini. “Wao hawana pa kuchuma,” alisema. Nikakuletea, ukazila, hukuuliza sisi tunakula nini.

Babako akafa, shamba likawa lako. Ukaja na mnunuzi. Baraza ikaitwa uwanja wa shule, nyinyi mkaketi vitini, sisi chini. Ukasimama na suruali yako ya pasi, ukasema, tena kwa sauti:

“Mnunuzi anataka shamba tupu. Hawa waliomo ni maskwota. Watatoka kabla ya mvua.”

Mama alikuwa kando yangu. Akanigusa goti.

“Kasema sisi ni nani?”

“Maskwota, mama.”

“Ndiyo nini?”

Nikamwambia kama ninavyoelewa, kwamba ni mtu aliyekaa pasipo pake, asiyepewa ruhusa. Kisha akasema, taratibu, nisikie mimi tu: “Na yeye alikaa kifuani pangu miaka miwili. Ruhusa alipewa na nani?” Akajifunga leso yake, tukaondoka baraza haijaisha. Wewe hukugeuza hata shingo.

Nimelichunguza neno lako hilo, Athmani, kwa hasira zangu zote. Nilimwendea mwalimu wa Kiingereza hapa shuleni, akaniambia asili yake ni kuchuchumaa. Kuchuchumaa! Nani aliyechuchumaa hapa? Mamangu alikuwa ameinama na jembe tangu jua linatoka. Na sasa limekuwa kama jina la ukoo wetu. Vijana wetu wakicheza mpira na wa mjini, wanazomewa, “Maskwota hao!” Mwenye kutaka kura akija anatuita “ndugu zangu maskwota”, eti ndiyo mapenzi hayo, na wenzetu wanampigia makofi. Wengine wamekwisha kulizoea, wakienda ofisini wanajitaja wenyewe, “Mimi skwota tu, mzee,” mikono nyuma. Na binti yangu, mtoto wa darasa la pili, aliulizwa kabila lake akajibu, “Skwota.” Darasa likacheka. Mimi nililia, ndiyo, nililia, na machozi yale nakudai wewe.

Maneno ya kwetu yalikuwapo. Wenyeji. Wakaazi. Hata ungesema wapangaji ningekustahi kidogo. Ukaenda kuokota la Kizungu kwa kuwa ukitumia letu ungelazimika kumtazama mamako pale chini alipoketi. Hebu nikanushie hilo.

Mvua zikaja, mnunuzi akasafiri kwao, tukabaki. Mama akaanza kuugua kifua. Alipoona hali si hali, akaniita.

“Nikifa, Athmani aje anishushe kaburini. Anishike kichwa. Mtoto wa kiume ninaye.”

“Mama, Athmani huyu huyu aliyetufukuza?”

“Sikukuuliza alifanya nini. Nimesema aitwe.”

Alipokufa ukaitwa, ukaja. Haki yako sikunyimi, ulikuja mbio, na viatu vyako ulivivua mbali. Wazee wakawa hawajui wamzike wapi, kwa kuwa shamba ni lako na lina mnunuzi. Mmoja akakuuliza kama apelekwe makaburi ya mjini. Mume wangu alikuwa ubavuni pako, na wanaume wa Ganda wote walikuwa wamesimama pale. Ukasema:

“Apelekwe wapi? Azikwe hapa hapa, kwake.”

Kwake! Sisi wanawake tulikuwa ndani, nami nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Niliona shuka ikitandazwa juu ya kaburi, nikakuona ukishuka. Yaliyobaki nimeyapata kwa mume wangu, aliyekuwa miguuni. Anasema ulimpokea kichwa kwa mikono miwili, ukamlaza ubavu wake wa kulia, ukamfungua kamba za sanda, ukamwekea shavu kwenye udongo. Anasema ilibidi wakuvute mkono utoke. Ukaja ndani na vumbi lako la kaburini, ukanishika, ukasema, “Pole, ndugu yangu, tumefiwa.” Nikakusamehe pale pale. Wallahi, nilikusamehe vyote.

Arobaini ikasomwa, hukuonekana. Nikakutetea kwa watu, nikasema kazi zimekubana. Hata wiki haikupita akaja tarishi na karatasi yako. Mnunuzi karudi. Maskwota wote watoke, trekta inakuja kusawazisha, shamba likabidhiwe tupu. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kaburi limetajwa wapi. Halikutajwa. Neno likawa lile lile la barazani, kama kwamba katikati hapa hukushuka popote wala hukumshika mtu.

Wewe ni mtu gani, Athmani? Nakuuliza kwa dhati, maana nimenyonya nawe na sikujui. Ile “kwake” ulimwambia nani? Ulituambia sisi tulio hai, au ulimwambia maiti kwa kuwa maiti hadai?

Sikuombi shamba. Nimekwisha kuomba, na magoti yangu yamechoka. Sisi tuna miguu. Mkituzidi nguvu tutatoka, nitabeba watoto wangu na sufuria zangu. Lakini yuko skwota mmoja hapa asiyeweza kutoka mwenyewe. Yuko nyuma ya jiko. Karatasi hana, na ruhusa aliyonayo ni ile ya mdomo wako, mbele ya mashahidi. Mnunuzi wako anataka shamba tupu, na likiwa na yeye si tupu.

Mume wangu nimemwambia amtoe, amekataa. Wanaume wa Ganda wamekataa mmoja mmoja. Mimi mwanamke kaburini sishuki. Umebaki wewe, mwanawe. Basi usitume tarishi, wala hiyo trekta. Njoo mwenyewe na jembe. Ushuke ulipokwisha kushuka, umshike kichwa ulivyomshika, umtoe, na umwambie kwa mdomo wako yeye ni nani.

Kwaheri. Mimi sihami mpaka nikuone ukifanya hivyo.

Dada yako kwa maziwa ya mama mmoja,
Mariamu,
Ganda.