Wasichana Waliopima Shamba la Mzee Machogu

Nyumbani kwa Mzee Ratemo,
Karibu na Nyaramba,
Kisii.

4 Machi, 1973

Mpendwa wifi yangu Zilpa,

Nakusalimu kutoka huku milimani, wewe na ndugu yangu Ombui na watoto. Hamjambo nyote? Lile joto la Voi ulilosema linamtoa Onyancha vipele shingoni limepungua? Na mgongo wako, tangu ujifungue, umetulia? Sisi huku ni wazima. Baba anakohoa asubuhi lakini bado anachuma chai yake mwenyewe. Mama anakuombea kila jioni kwa Kikisii, na akifika kwenye jina lako hulitamka polepole, maana bado ni jina geni kwenye ulimi wake na hataki Mungu akosee mtu.

Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira. Sikukukasirikia wewe, nilimkasirikia aliyewaletea habari hizo. Mmeambiwa kwamba nimekamatwa kwa kuiba karatasi za mtihani, kwamba shule imefungwa, na Ombui anataka nipande gari la moshi nije kukaa kwenu mpaka watu wasahau. Asanteni kwa chumba mlichoniwekea. Sitakuja. Sikuiba, sijakamatwa, na sitaki watu wasahau. Nataka wakumbuke, tena wakumbuke sawasawa, kwa hiyo nakuandikia yote tangu mwanzo. Umsomee Ombui kwa sauti, kwa sababu akisoma mwenyewe huruka mistari.

Ulipokuja kwa arusi yenu, shule yetu ya harambee ilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichojengwa kwa michango ya wazazi. Sasa ni vyumba vitatu, na kimoja kina sakafu ya simiti. Mimi nafundisha hesabu. Unajua sina cheti cha ualimu, nina kidato cha nne tu, lakini Mwalimu Momanyi, ambaye ndiye mkuu wetu, aliniomba kwa sababu walimu wenye vyeti wakifika wakaona barabara yetu wakati wa mvua, hawarudi muhula wa pili.

Mwaka jana kidato cha pili kilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na tisa kati yao walikuwa wasichana. Vitabu vya hesabu vilikuwa vinne. Kwa hiyo nilifundisha kwa kichwa changu. Ilipofika habari ya kutafuta ukubwa wa mashamba, nikawafundisha jinsi nilivyojifunza mimi mwenyewe mwaka ule wapimaji wa serikali walipopita huku kuweka mipaka. Baba alikuwa mshika mnyororo wao wa kupimia, na mimi nilimfuata shule zilipofungwa. Shamba liwe limepindika namna gani, walilikata pembetatu, wakapima kila pembetatu, wakajumlisha. Vitabu vinafundisha kwa njia nyingine, ndefu. Wasichana wangu waliipenda njia ya pembetatu kwa sababu waliweza kutoka nje na kamba ya katani yenye mafundo na kuiona kwa macho.

Mtihani wa serikali wa kidato cha pili ulifanywa Novemba. Mwezi wa kwanza matokeo yakaja, na ya shule yetu hayakuwemo. Badala yake Mwalimu Momanyi alipata barua. Ilisema kwamba matokeo yetu yamezuiwa, kwamba wasichana saba wamepata alama za juu sana katika hesabu kuliko inavyotarajiwa kwa shule ya namna hii, na kwamba katika swali moja la shamba wote saba wamefanya kazi kwa njia ile ile ambayo haimo kitabuni. Kwa hiyo waliona kwamba kuna mtu aliyewapa majibu. Jina la mwalimu wa hesabu lilikuwa limepigiwa mstari chini.

Wifi, nilikaa kwenye benchi la ofisi nikaisoma ile "shule ya namna hii" hata nikaijua kwa moyo. Machozi yalinitoka, sitaficha. Halafu nikaona kwamba wameshangaa kitu ambacho mimi sikukishangaa kamwe. Nilijua Mong'ina atapita, yule binti wa Eucabeth anayeuza ndizi Nyaramba sokoni. Nilijua tangu siku aliponisahihisha ubaoni mbele ya darasa zima, tena alikuwa na haki.

Barua ilitaka wasichana saba waende mjini Kisii Jumamosi, tarehe ishirini na saba, wafanye mtihani mwingine peke yao. Asiyefika, alama zake zingefutwa.

Jumamosi! Wewe ulikulia kanisani kama sisi, huhitaji kuelezwa. Sita kati ya wale saba ni watoto wa Wasabato, na wa saba ni Mkatoliki. Mwalimu Momanyi aliandika kuomba siku nyingine. Jibu halikuja. Akawaita wazazi, na uso wake ulikuwa wa kijivu kama majivu. Akawaambia kwamba Mungu anaelewa, kwamba ni siku moja tu, kwamba kazi ya miaka miwili itapotea.

Eucabeth ndiye aliyesimama. Kiswahili chake unakijua, na siku hiyo alikitumia makusudi, ili mwalimu akiandike jinsi kilivyo.

"Andikia yeye," akasema. "Mtoto yangu hapana iba. Sabato hapana enda. Kama yeye nataka ona mtoto, yeye kuja hapa Jumatatu. Mimi iko." Mwalimu akaandika hivyo hivyo, akaituma barua.

Yule msichana Mkatoliki alikuwa huru kwenda. Aliulizwa kama ataenda. Akasema hawezi kwenda peke yake kuonekana kama yeye tu ndiye msafi.

Basi Jumamosi ilifika na wote wakaenda makanisani, au wakakaa nyumbani. Mimi sikuimba vizuri siku hiyo. Kila wimbo nilikuwa nafikiri: sasa hivi msimamizi wa mtihani kule mjini anaangalia saa yake, sasa anaandika kwamba hawakufika. Mong'ina alikuwa mbele yangu viti viwili, na shingo yake ilikuwa imenyooka wima. Ana miaka kumi na mitano. Niliona aibu kwa kuogopa kuliko yeye.

Jumatatu saa nne tukasikia landrova ikikwama kwenye mteremko wa kisima. Vijana wa kidato cha kwanza wakaenda kuisukuma, na hivyo ndivyo yule bwana wa mitihani alivyoingia shuleni kwetu, akiwa na matope mpaka magotini. Si mtu wa huku, na jina lake sitaliandika. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na suruali yake ilikuwa na mkunjo mmoja uliopigwa pasi vizuri. Alikuta wazazi arobaini wameshasimama uwanjani. Nadhani hakutarajia.

Alisema mimi nisikae karibu. Nikaambiwa nikae kwenye njia ya chai, mbali, mahali atakaponiona dirishani. Nikakaa. Wasichana wakaingia, karatasi mpya zikatoka mkobani, na wazazi wakataka milango yote miwili iwe wazi. Saa moja na nusu nilikaa juu ya jiwe nikivunja majani ya chai vidoleni. Kama ningeweza kuwapitishia hesabu kwa kufikiri tu, Zilpa, ningefanya, na hapo kweli ningekuwa mwizi.

Alipomaliza kusahihisha aliwaita wote nje, na yaliyosemwa hapo nilisimuliwa baadaye na Eucabeth. Wanne walikuwa wamepata kila kitu. Watatu walikosa swali moja moja, na si swali lile lile. Watu walifikiri yameisha. Lakini yule bwana akasema, tena kwa upole, "Inawezekana mmekariri njia. Kukariri si kujua."

Mong'ina akainua mkono kama yuko darasani.

"Mzee, naomba kusema."

"Sema."

"Chagua shamba."

"Shamba gani?"

"Lolote unaloliona kutoka hapa. Sisi hatujui utachagua lipi, na mwalimu wetu yuko kule juu ya jiwe. Tutalipima, halafu mwenyewe alete karatasi ya ardhi tuone."

Mwalimu Momanyi alimwambia akae chini, naye hakukaa. Yule bwana alitazama mabonde yetu kwa muda mrefu, halafu akanyoosha kidole kwenye shamba la Mzee Machogu ng'ambo ya kijito, ambalo limepindika kuliko yote, nadhani ndiyo maana alilichagua. Machogu mwenyewe alikuwepo, na alipaliwa na tumbako yake. Aliogopa. Ardhi ni ardhi, na hapa mtu mgeni ameelekeza kidole kwake. Eucabeth akamwambia, "Wewe leta karatasi. Hapana kufa leo."

Tukashuka wote, mimi nikiwa nyuma hatua hamsini kama mfungwa. Wasichana walifunga kamba kutoka kona hadi kona, yadi mia moja na hamsini. Wakatafuta pembe mraba kwa pembetatu ya kamba yenye pande za yadi tatu, nne na tano, wakapima kwenda upande mmoja yadi sabini, upande wa pili yadi hamsini. Mong'ina akapiga hesabu juu ya gome la mgomba kwa kijiti. Akasimama akasema ekari moja na pointi themanini na sita.

Machogu alifungua mkebe wake, akatoa karatasi, akampa yule bwana. Yule bwana akasoma. Hakutabasamu, na kwa hilo namheshimu. Akasema, "Hapa pameandikwa ekari mbili na pointi moja."

Kuna mtu mbele yangu aliyesema "basi" kwa sauti ndogo. Machogu naye akaanza kupiga kelele kwamba jirani amemlia ardhi, na ingekuwa vita nyingine pale pale. Mimi nilikuwa nimeshaona kosa. Nilikuwa nimeliona kutoka juu. Nikaziba mdomo wangu kwa mkono, kwa nguvu, nikang'ata ngozi ya kiganja, alama ingali ipo.

Mong'ina hakunitazama hata mara moja. Alirudia hesabu, ikatoka ile ile. Akauliza wenzake, wakarudia. Halafu akamgeukia Machogu.

"Mzee, ndizi zako zinaishia wapi?"

"Nyuma ya mikaratusi."

"Nyuma? Ile kona ni yako?"

"Ni yangu tangu baba yangu!"

Walikimbia, wote saba, sketi zikiwa na matope. Nyuma ya ile miti kulikuwa na kipande cha migomba ambacho mtu aliyesimama chini hawezi kukiona. Pembetatu. Yadi hamsini chini, arobaini na sita kwenda juu. Waliongeza. Mong'ina alirudi akihema, akamwambia yule bwana, "Mbili na pointi moja, ikibaki kidogo sana. Tulikosea. Hatukuuliza mipaka kwanza."

Yule bwana alilitazama gome lile la mgomba lililoandikwa kwa kijiti. Akaomba apewe. Akalikunja, akalitia kwenye mkoba pamoja na karatasi za serikali, akapanda juu kuelekea landrova. Aliponipita alisimama kidogo akauliza, "Nani alikufundisha wewe?" Nikamwambia, "Baba yangu. Alibeba mnyororo." Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Usidhani yalimalizikia hapo. Baada ya siku kumi ikaja karatasi nyingine, kutoka kwa mtu mwingine aliye juu yake. Ilikuwa imeshapigwa chapa tayari, ikikosa sahihi yangu tu. Ilisema mimi mwalimu wa hesabu nakubali kwamba nilikuwa mzembe katika kusimamia mtihani, na kwa kukubali huko jambo litafungwa na matokeo yatatolewa.

Mwalimu Momanyi aliniletea kalamu. Ni mtu mwema, na amechoka. "Bitutu, tia sahihi," akaniambia. "Ni neno tu. Watoto wapate matokeo yao."

"Neno lenyewe ni uongo."

"Hakuna atakayelisoma."

"Mong'ina atalisoma. Yeye husoma kila kitu."

Nilimwambia anifukuze kazi kama anataka, lakini karatasi ile itarudi ilivyokuja. Niliandika chini yake mstari mmoja: Sikuwa mzembe, niliwafundisha. Nikaweka sahihi chini ya mstari huo, si mahali walipotaka. Siku kumi na tatu sikulala vizuri, nikifikiri labda nimewaharibia watoto saba kwa kiburi changu. Mama aliniuliza kama nina homa.

Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili matokeo yakaja. Yote, bila barua ya maelezo, bila neno la kutuomba radhi. Saba wamepita hesabu kwa alama zile zile za kwanza. Mong'ina ameitwa shule ya serikali ya wasichana kidato cha tatu, na wawili wengine pia. Waliobaki wanne wamekataa kukaa nyumbani. Wanataka tufungue kidato cha tatu hapa hapa, na wazazi wameshaanza kufyatua matofali.

Kuhusu mimi, ofisi imesema mtu asiye na cheti asifundishe hesabu baada ya mwaka huu. Nimeomba chuo cha ualimu. Wakinikubali, nitakwenda na kurudi. Wasiponikubali, Jumatatu ya kwanza ya mwaka ujao watanikuta ubaoni, na atakayetaka kunitoa aje mwenyewe, barabara anaijua.

Mwambie aliyewaletea habari kwamba shule haijafungwa. Mwaka jana kidato cha kwanza kilikuwa na wasichana wanane. Juzi niliwahesabu, ni ishirini na wawili, na wengine wanakalia matofali. Jana kutwa nilikuwa nyumbani kwa ajili ya Sabato, na jioni, jua lilipokwisha kuzama, akaja Mzee Ogari. Huyu ndiye aliyesema kanisani kwamba kumfundisha msichana hesabu ni kupoteza mafuta ya taa, na mwaka jana alimtoa binti yake shuleni kabla ya mtihani. Alikuja amemshika binti huyo mkono. Hakukaa, hakunywa uji wa Mama. Akasema, "Mwalimu, huyu naye mfundishe kupima," akamwachilia mkono, akaondoka kabla sijajibu.

Msalimie sana Ombui, na umwambie Baba anauliza lini atakuja. Mbusu Onyancha na mtoto mchanga kwa niaba ya shangazi yao. Mama, Baba, Eucabeth na Mwalimu Momanyi wote wanawasalimu. Bwana awalinde nyumbani na njiani, na awape mvua huko kwenye vumbi.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukuwaza,

Bitutu