Viraka Viwili Ukutani

Alhamisi. Wingu limetanda tangu alfajiri na mvua haishuki. Mtaa wote wa Kalangalala umepoa kwa namna inayonikera.

Ni siku ya tatu tangu nitoke eda. Watu wanadhani mjane akitoka eda anapumua. Mimi nilitoka mpaka getini, nikaangalia barabara, nikarudi kukaa palepale nilipokaa miezi minne na siku kumi, nikitazama ukuta.

Ukuta wenyewe una viraka viwili vya rangi, kila kimoja ukubwa wa sinia. Cha kushoto ni rangi ya maziwa. Cha kulia ni kijivu kilichopauka. Marehemu mume wangu, Baba Zuhura, ndiye aliyemwambia fundi avipake ili nichague ya sebuleni. Chini ya viraka hivyo limepita doa refu la jasho na mafuta. Siku za msiba tulitoa makochi nje, kina mama wakakaa mikekani wameegemea ukuta, na doa hilo sabuni imeshindwa kulitoa.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Baba Zuhura nilimchelewesha makusudi.

Kila akirudi kutoka Kahama kununua mchele, hajavua hata viatu, anauliza, "Mama Zuhura, umeamua?" Nilimjibu bado. Siku nyingine sikumjibu kabisa. Niliona ananisumbua kwa jambo dogo, mtu mzima na biashara zake. Mara ya mwisho nilimwambia achague mwenyewe, rangi ni rangi tu. Akacheka kidogo, akaenda kuoga. Wiki ileile presha ikamwangusha.

Basi eda nzima nilijipa kazi moja, kukumbuka yeye alipenda ipi. Nikakumbuka shati lake la kijivu. Nikakumbuka alivyoisifia nyumba ya dada yake, iliyopakwa rangi ya maziwa. Asubuhi nina hakika ni kijivu, ikifika alasiri nimegeuka. Nilitaka nimpe walau hilo.

Leo fundi Masanja amekuja. Wakati wa eda asingeweza kukaa kuzungumza na mimi. Ameniamkia, amenipa pole, amesimama mlangoni na brashi yake. Nikamuuliza moja kwa moja, mzee alipenda ipi?

"Mayu," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "mzee alikuwa haoni tofauti. Nilipomaliza kupaka aliniuliza mimi ipi ni ipi."

"Sasa kwa nini hakuchukua yoyote?"

Akatazama chini. "Alisema akikuuliza mambo mengine unamjibu neno moja. Labda ya rangi mngekaa, mkaongea."

Sikulia. Natamani ningelia.

Nilimwambia apake maziwa. Akaniuliza kama nina hakika, nami nikaanza kumweleza. Kwamba sebule hii haina mwanga hata mchana, kijivu kingeifanya stoo. Kwamba maziwa inaendana na makochi. Kwamba vumbi la barabara litaonekana, ndiyo, lakini kufuta ukuta si kazi, na Baba Zuhura alipenda kukaa karibu na dirisha, hapo pangependeza zaidi. Fundi wa watu alisimama tu, anaitikia. Niliposhtuka, chai niliyokuwa nimempa ilikuwa imepoa.

Nimeongea kama robo saa.

Nilishindwa nini kumpa yeye robo saa kama hiyo?