Kitundu cha Baba Kwenye Bomba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni hapa sebuleni, na sakafu ni kavu. Wewe utajua kwa nini nimeanza na habari ya sakafu.

Unakumbuka nilivyokuja nyumbani na tangi la kioo na samaki wanane wa mistari kutoka ziwani Katonga? Mama alishika kiuno. "Migebuka ya kula imejaa sokoni, wewe unatuletea vidudu ambavyo hata mchuzi havitoi!" Ulicheka mpaka ukavua kofia. Maisha yako yote ulikuwa fundi bomba wa mtaani Buzebazeba, hujawahi kufuga hata njiwa, lakini siku ile ile ulianza kupima kabati.

Tangi la samaki ukaliweka juu ya kabati, na la pili chini, ndani yake. Maji yanashuka kwa bomba moja, yanachujwa, kisha pampu inayapandisha kwa bomba jingine. Mimi niliona kazi imekwisha. Wewe ukasema, "Bado. Umeme wa kwetu huujui?" Ukazima swichi. Pampu ikanyamaza, na maji ya juu yakaanza kurudi kwa bomba lile lile la kupandishia, yakijivuta yenyewe, mpaka tangi la chini likafurika na kulowesha mswala wa Mama. Hapo ndipo alipotoa hukumu: maji yakiugusa tena mswala wake, samaki wanarudi ziwani.

Ukatoboa kitundu kwenye bomba lile, chini kidogo ya uso wa maji ya tangi la juu. Ulinieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mteja: maji yakishuka kidogo tu, kitundu kitabaki hewani, na bomba likishameza hewa haliwezi tena kuvuta maji. Kwenye tangi la chini ukachora mstari mwekundu wa mwisho wa kujaza, ili juu yake ibaki nafasi ya kupokea yatakayoshuka. Kisha ukawa unazima na kuwasha, unazima na kuwasha, hadi jirani akauliza kama tumegombana na taa.

"Umeme usipokatika, tuukate wenyewe," ukamjibu.

Na mimi nikafanya nini? Wiki haijaisha nikaona kitundu kinarusha kijiuzi cha maji, nikakiziba kwa pamba kama wanavyoziba mitumbwi kule Katonga. Mtu wa ziwani akiona tundu linapitisha maji huziba kwanza, huuliza baadaye. Umeme ulipokatika, wewe ndiye uliyewahi kuichomoa. Hukunigombeza. Ulinionyesha ile pamba kiganjani, ukasema, "Hili si mtumbwi, mwanangu. Tundu hili ndilo linalotuokoa."

Tangu tukuzike sijafanya kazi yoyote kwenye lile kabati. Najua uliagiza kitundu kisafishwe kila wiki, maana ute wa kijani hukiziba. Nilishindwa, Baba. Kila nikifungua nizime pampu nakutana na mwandiko wako kando ya mstari mwekundu, USIPITE HAPA, nafunga tena.

Jana mchana nilikuwa madukani Mwanga nanunua uzi, mara redio za maduka zote zikanyamaza kwa pamoja. Nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa nawaona samaki wanamwagwa ziwani. Nimeshakukosa wewe, halafu nikikose na kitu cha mwisho ulichonijengea, na kwa uzembe wangu mwenyewe!

Nilimkuta Mama amekaa juu ya mswala wake anavuta tasbihi, mswala mkavu kabisa. Nikachuchumaa, nikafungua kabati. Maji ya tangi la chini yalikuwa yamepanda, yakasimama vidole viwili kabla ya ukingo. Nikainuka kutazama kitundu. Kilikuwa wazi, kisafi.

"Mama, nani amekisafisha?"

Hakuinua macho. "Baba yako alipoanza kuumwa aliniachia sindano ya kuzibulia kitundu. Akasema, mtoto atashindwa kwa majonzi, wewe kila Ijumaa usisahau." Kisha akaongeza, "Na usidhani nawapenda hao samaki."

Nililia, halafu nikacheka. Ulijua hata huzuni yangu ingenishikia wapi, na kazi ukamkabidhi yule yule aliyeapa kuwafukuza. Nimewaona mafundi wengi, Baba, lakini sijaona fundi kama wewe.

Ijumaa hii nitakuwepo. Nitamfungulia Mama kabati na kumshikia tochi. Sindano amekataa kunipa.

Pumzika, Baba yangu. Huku hakujalowa.

Binti yako,
yule wa pamba