Mizani Nne za Mzee Sabini na Nane

Jumanne, 3 Juni

Baba, shikamoo.

Mkaguzi wa vipimo alinipigia simu kazini jana saa nne asubuhi. Alisema mizani nne ulizozitengeneza mwaka huu zinazidisha uzito. Hakuambiwa na mtu, alizipima mwenyewe, kila moja kwa mawe ya chuma ya serikali, kilo mia kamili. Hakuna hata moja iliyosoma mia.

Nimeanza na hilo kwa sababu habari zangu ni fupi. Kiwandani tunachanganya rangi zamu mbili, mimi bado ni mkaguzi wa ubora, nina kazi na ninakula. Wewe hujambo? Kifua? Mgongo? Ukiandika "mzima" bila maelezo, nitahesabu kwamba hukunijibu.

Ilivyojulikana ni hivi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipima mzigo uwanjani kwake akaupeleka kuuza. Kule ukapungua. Safari tatu, mara tatu ukapungua. Akamsimamisha kazi dereva wake kwa wizi. Dereva akaenda kwa mkaguzi, akamwambia, "Mimi sili vyuma. Njoo upime." Mkaguzi akaenda, akakuta mizani ndiyo inayosema uongo, na lakiri iliyofunga kifuniko chake ina alama yako. Ndipo akazungukia nyingine zenye alama hiyo.

Hajakuandikia rasmi. Aliniambia, "Dada, yule mzee ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi. Nitaanzia wapi?" Kwa hiyo kazi ya kukuambia amenipa mimi, na wewe amekupa hadi tarehe 15 Julai. Siku hiyo atapima upya. Zikiwa bado zinazidisha, atachukua leseni yako.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu, ukisikia neno usilolipenda, mtandao wako hukatika.

Nina swali moja la kifundi. Ulipomaliza kuzitengeneza, ulizijaribu kwa kitu gani?

Mwanao


Jumatatu, 9 Juni

Marahaba, mama.

Barua yako nimeipata, na nimeipata ikiwa kali. Mimi ni mzima, na maelezo ni haya: nalala, naamka, natembea hadi karakana. Napumzika mara mbili njiani, kwa sababu watu wananisimamisha kunisalimia. Kifua kimetulia. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini ni mgongo wa miaka sitini na minane, sikuuazima kwa mtu. Chakula nakula, isipokuwa siku hizi nikila kidogo nashiba. Mamako, Mungu amrehemu, angefurahi, maana alinilalamikia miaka yote kwamba namaliza sufuria.

Sasa huyo mkaguzi. Alipokuja kwangu hakujua springi inaangalia juu au chini. Leo ana kitambulisho kifuani, anampima aliyempima. Mwambie hayo mawe ya serikali ayapeleke nayo yakapimwe.

Umeuliza nilizijaribu kwa kitu gani. Nilizijaribu kwa mwili wangu. Unashangaa nini? Yale mawe yangu ya kilo ishirini, yote matano, yako chini ya meza tangu mwaka jana. Kuyabeba duka hadi duka ni kazi ya punda, na mimi sina punda. Napanda juu ya mizani, nasoma, nakaza hadi sindano ikae kwenye sabini na nane, nafunga, naenda zangu. Nimekuwa kilo sabini na nane tangu mwaka uliozaliwa. Hata enzi za mawe ulikuwa unaniona nikipanda hivyo, ukipita karakana na sare zako za shule, na hukuwahi kuniuliza. Soko zima linaniita Sabini na Nane. Mwenye duka la nafaka hajui hata jina langu. Jiwe hushika kutu, jiwe huibiwa. Mimi nani aniibe?

Ila nikuambie ukweli, springi za siku hizi ni za kubahatisha. Kila mizani niliyoitiwa mwaka huu nimeikuta inasoma pungufu. Napanda, inasema sabini na sita. Napanda nyingine, inasema sabini na mbili. Zote zimelegea! Nimezikaza zote. Ni mwaka mbaya wa springi, basi.

Wasalimie wenzako kiwandani.

Babako


Jumamosi, 14 Juni

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kwamba unalala na unaamka. Mimi sijambo.

Niliisoma barua yako mara mbili, kisha nikampigia mkaguzi anisomee daftari lake. Nakuandikia alivyosoma, kwa mfuatano wa tarehe ulizoziandika mwenyewe ndani ya vifuniko.

Duka la nafaka, Januari: mawe ya kilo mia yalisoma mia na tatu. Mashine ya kusaga, Machi: mia na sita. Mnunuzi wa vyuma, Aprili: mia na nane. Zahanati, katikati ya Mei: mia na kumi.

Springi mbovu hazipangi foleni namna hiyo, baba. Ulinifundisha kwamba mizani zote zikikosea upande mmoja, niache kuzifungua, nitazame jiwe.

Jiwe ni wewe. Nimepiga hesabu. Ulipoikaza ile ya nafaka isome sabini na nane, ulikuwa na kilo sabini na sita kasoro. Machi ulikuwa na sabini na tatu na nusu. Aprili, sabini na mbili. Mei, sabini na moja. Umepungua kilo saba, na ushahidi uko ndani ya mizani za watu, umefungwa kwa lakiri yako mwenyewe.

Mengine umeniandikia bila kuombwa. Unashiba kabla ya kula. Unapumzika mara mbili kwenye njia ya dakika kumi. Mawe uliyokuwa ukiyabeba mawili mkono huu na moja mkono ule huyagusi tena. Mimi si daktari, lakini pipa la rangi likija mezani kwangu na dalili tatu za namna hiyo, silipitishi.

Sijui unaumwa nini, na sitabahatisha. Naomba uende hospitali kubwa wiki hii wakakupime damu na tumbo. Kama huniamini, yatoe mawe matano chini ya meza, uyapandishe juu ya mizani yoyote kati ya hizo nne. Hilo sikuombi kama mwanao. Nakuomba kama yule aliyekuwa anakufutia vumbi mezani na kukupa bisibisi.

Mwanao


Ijumaa, 20 Juni

Marahaba.

Hesabu zako ni safi. Mwalimu wako alikula mshahara halali. Lakini mtoto hampigii hesabu baba yake.

Nimepungua. Shati nalo hupungua likifuliwa, na hakuna anayelipeleka hospitali. Mamako aliingia hospitali kwa miguu yake, anataniana na mlinzi mlangoni. Unajua tulivyotoka naye. Kabla ya siku ile alikuwa amechoka tu. Baada ya daktari kutaja jina la kitu, hatukulala tena ndani ya ile nyumba. Mimi kitu kisicho na jina naweza kukaa nacho.

Nina kazi nyingi. Usiniletee tena habari za kilo. Ukitaka kuandika, andika salamu.

Babako


Alhamisi, 26 Juni

Baba, shikamoo.

Hizi ni salamu, kama ulivyoagiza. Sijambo. Mvua inanyesha. Kiwandani wametugawia buti mpya, zangu zinabana kidole kidogo.

Salamu zimekwisha. Umeyapandisha mawe?

Mwanao


Jumatano, 2 Julai

Baba, shikamoo.

Siku kumi na mbili hujaandika. Simu yako umemwachia mwenye duka la nafaka, yeye ndiye anayeipokea, na kila mara anasema uko chooni. Jana ulikuwa chooni mara nne. Mwambie atafute uongo mwingine, maana huu unanipa hofu zaidi.

Umenitajia mama. Na mimi nilikuwepo. Alikuwa amechoka tu kwa miezi mitano, na sisi sote tulilipokea neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi kulibeba. Daktari hakuleta kitu ndani ya nyumba. Alikikuta. Alisema pia, na wewe ulikuwa umekaa kiti cha pembeni yangu, kwamba angetaka kumwona mapema zaidi. Neno "nimechoka" silipokei mara ya pili.

Lakini hospitali tuiweke kando kidogo. Kuna watu wa haraka kuliko wewe.

Mizani ya nne iko zahanati. Nilizungumza na muuguzi jana. Tangu mkaguzi amwonye, anasoma sindano na kupunguza kwa kukadiria, kwa kuwa hana mizani nyingine. Kabla hajaonywa alikuwa amewapima watu sitini na wanne. Kuna waliopewa dawa kwa kilo ambazo hawana. Kuna waliokwenda kwa sababu walijihisi wanapungua, mizani ikawaambia hawajapungua, wakarudi nyumbani kwa furaha. Kilo ulizopoteza wewe ndizo walizogawiwa. Muuguzi anawatafuta mmoja mmoja warudi. Hadi jana alikuwa amewapata arobaini na mmoja.

Na yule dereva bado yuko nyumbani kwake. Tajiri wake anasema atamrudisha siku fundi mwenyewe atakapokiri, si kwa maneno ya mkaguzi.

Ningekuja leo. Nimeomba likizo mara mbili, hawanipi kabla ya tarehe 18. Nafika Jumamosi tarehe 19. Mkaguzi anapima tarehe 15. Kwa hiyo hizo mizani ni wewe na mikono yako. Hata ukinikasirikia mimi, wale watu wa zahanati hawakukukosea.

Mwanao


Alhamisi, 10 Julai

Mama, hujambo? Mimi nitakueleza.

Mizani ya zahanati inasoma mia. Muuguzi ameiona na ametia sahihi kwenye daftari langu. Zile tatu nazo zinasoma mia. Mkaguzi aje tarehe 15 na mawe yake, anywe na chai.

Barua yako niliipata Jumamosi. Jumatatu asubuhi niliinama chini ya meza kuyatoa mawe. La kwanza nikalitoa. La pili nikalifikisha magotini, likanirudisha chini. Nikalikalia. Nilikaa pale muda wa kutosha mtu kupika ugali na kuula. Kisha nikamwita mpagazi mwenye mkokoteni.

Tulianza na duka la nafaka. Mwenye duka akapiga kelele, "Sabini na Nane! Leo umekuja na ndugu zako?" Mpagazi akayapanga mawe, sindano ikasimama kwenye mia na tatu. Nikamwambia ayashushe. Nikapanda mwenyewe, ikasimama kwenye sabini na moja na nusu. Mwenye duka akachungulia. "Springi imelegea tena?" Nikamwambia hapana, hii springi iko vilevile nilivyoiacha. Mimi ndiye nimelegea. Akaondoka kwenda kupanga magunia ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Kila mizani nimeifungua, nimeirekebisha kwa mawe, nimeijaribu mara tano. Imenichukua siku tatu kazi ambayo zamani ilikuwa ya nusu siku. Kwa mnunuzi wa vyuma nilimwambia aniitie dereva wake kwanza, ndipo nikafungua kifuniko. Nikasema mbele yao wote kwamba kosa ni langu, nilijaribu mizani kwa mwili wangu, na mwili wangu umeniongopea. Tajiri alitazama chini. Dereva akasema, "Yaani, mzee, nimekaa nyumbani miezi miwili kasoro kwa ajili ya tumbo lako?" Nikasema ndiyo. Nilidhani atanitukana, na ningemwachia anitukane. Kazi ilipokwisha aliyabeba mawe mwenyewe hadi kwenye mkokoteni, mawili mkono huu na moja mkono ule. Jumatatu anarudi kazini.

Zahanati niliiweka ya mwisho kwa sababu niliiogopa. Ilipokubali kusoma mia, muuguzi akafunga mlango, akasema, "Sasa panda wewe."

Nikasema mimi ni fundi, si mgonjwa.

Akasema, "Kwani fundi hajaribu kazi yake?"

Nikapanda. Akanishusha akanivua viatu kama mtoto, akanipandisha tena. Sitini na tisa na nusu. Akaandika. Akanilaza kitandani, akaniminya tumbo, kuanzia kitovuni kupanda juu. Chini ya mbavu za kushoto mkono wake ukasimama. Akauliza kama panauma. Nikasema hapana. Akaendelea, kisha akarudi palepale. Mara ya pili nikasema ndiyo, na nikamwambia ni tangu kabla ya Januari.

Nilimuuliza ni nini. Alisema hajui na hatabahatisha. Nikacheka, nikamuuliza kama mmeandikiana barua. Ameniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Watanipiga picha ya tumbo na kuchukua damu, na pengine wataingiza mpira wenye kamera kooni.

Jina la kitu hicho bado silitaki, mama, nisikudanganye. Lakini siku hizi tatu nimesimama mbele ya watu wanne nikasema nilikosea. Nikimkimbia wa tano, yaani daktari, hao wanne nao nitakuwa nimewaongopea.

Miadi ni Jumatatu, tarehe 21 Julai, saa mbili asubuhi, chumba namba sita. Nisile chochote tangu Jumapili jioni. Wewe unafika Jumamosi, kwa hiyo utakuwa hapa. Usiniambie tukutane huko huko. Nitoe nyumbani wewe mwenyewe, maana najijua: ukiniacha peke yangu asubuhi ile nitakumbuka kazi. Tutoke saa moja kamili.

Babako