Sauti Niliyoifuta

Mwalimu,

Najua jina hilo hukulipenda. Kila nilipokuita hivyo ulinijibu, "Mimi si mwalimu, mimi ni mtu ya video." Leo huwezi kunikataza, kwa hivyo nitakuita ninavyotaka.

Naandika nikiwa nyumbani kwako, kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya. Mama Chebet amepeleka majani ya chai kituoni, na Chebet wako amelala hapa kando yangu na viatu vyake miguuni. Leo asubuhi kumetokea jambo ambalo lazima nikuambie. Lakini nikianzia katikati hutalielewa, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba harusi haianzi kwa keki.

Tangu uende, mengi yamebadilika. Chumba chetu cha video pale Litein, juu ya duka la mbolea, sasa ni cha kinyozi. Bango lako wamelipindua, wakachora vichwa vya kunyoa upande wa pili. Mimi niko mwaka wa mwisho katika chuo cha filamu Nairobi, chuo kile ulichonijazia fomu kwa mkono wako kwa sababu mimi niliogopa kukosea. Kamera yako ninayo. Ule mkanda wa kuivalia shingoni sijaufua.

Chuoni wanatuambia dijitali imetupa uhuru. Unapiga mara kumi, unachagua moja, tisa unazifuta, na hakuna kilichopotea. Mhadhiri akisema hivyo mimi hutazama chini. Sisi tulikuwa na kadi mbili tu, unakumbuka. Jumamosi harusi, Jumatatu nahariri, Alhamisi mwenye harusi anachukua flashi yake, Ijumaa tunafuta kadi ziwe tayari kwa harusi nyingine. Mikanda yako ya zamani ililiwa na ukungu paa lilipovuja. Kwa hivyo ulipoondoka, kazi yako yote ilikuwa kwenye makabati ya watu wengine, na wewe mwenyewe hukuwa popote.

Siku ya kukuzika tulitafuta picha yako ya kuweka juu ya jeneza, tukakosa. Wewe, uliyepiga picha nusu ya watu wa Bureti. Mwishowe wakaikuza ile ya kitambulisho, ikatoka na madoadoa, umenuna kama mtu anayehojiwa na chifu. Mimi ndiye niliyeshika kamera. Dada yako alinishika bega akasema niiweke chini nilie kama watu wengine. Sikuweza. Nilisimama nyuma ya stendi nimefunga mdomo, kama ulivyonifundisha: "Mtu ya kamera hana mdomo."

Ungekuwa hapa ningekucheka kwa kanuni hiyo, maana wewe mdomo ulikuwa nao kumshinda emsii. Kamera begani, huku unasema, "Mama, songa kidogo jua ikupate." "Bwana harusi, hii si matanga, cheka." "Pado kidogo, pado, haya." Ndiyo, pado, ile bado yako iliyotoka na p. Nimewasikia wengine wakiisema hivyo pale sokoni, na kila mara nageuka, na kila mara si wewe. Na wanawake wakianza kuimba, maharusi wanavishwa majani ya sinendet shingoni, ulikuwa unaitikia wimbo kutoka nyuma ya kamera bila hata kujua. Maiki ilikuwa hapo, shibiri moja kutoka kinywani mwako. Ilinasa yote.

Kazi yangu ilikuwa kukutoa. Nilivaa hedifoni, nikakusikia, nikakukata. Pale uliposema neno niliweka upepo, au makofi niliyoazima mahali pengine kwenye video ile ile. Niliifanya vizuri mpaka ukanipa jina, Kemunto Fagio. Nilijivunia jina hilo, Mwalimu. Binti wa Kisii, mama yangu anachuma chai kwenye shamba la watu, na mimi nimepata kitu ninachokijua kuliko wenzangu.

Sasa nikwambie lile ambalo nimelibeba.

Kikohozi chako nilikijua mapema. Mwanzoni kilikuja mara mbili tatu kwa harusi nzima, nikikitoa kwa dakika moja. Kufika harusi za Desemba kilikuwa kwenye kiapo, kwenye maombi, kwenye keki. Na kilikuwa kimebadilika. Kilitoka chini sana, na baada yake ulivuta pumzi kama mtu anayepanda kilima na gunia. Nilikisikia kwenye hedifoni, karibu kuliko daktari yeyote, nikikirudia na kukirudia ili nijue mahali pa kukata. Kilipozidi nikaweka muziki juu yake. Siku moja nikakuambia, tena nikicheka, "Mwalimu, wiki hii umekohoa sana, umeniongezea kazi." Ukasema, "Ni paridi ya Kericho hiyo. Wewe fagia tu."

Nikafagia. Ulipokubali kwenda hospitali mapafu yalikuwa yamekwisha, na Chebet alikuwa na miezi minane.

Najiambia kwamba hata ningesema usingenisikia. Labda ni kweli, ulikuwa kichwa ngumu. Lakini sikusema. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Mama Chebet alinipigia simu. Hakutaka jambo kubwa. Alisema, "Kemunto, huyu mtoto anauliza baba yake alikuwa anaongea aje. Najaribu kumwigiza, nashindwa. Wewe si uko na zile video zote?" Simu yako ilikuwa ile ya kubonyeza, hukuacha hata ujumbe mmoja wa sauti. Nikamwambia nitamletea. Kisha nikakaa kwenye ngazi za hosteli, kwa sababu nilijua nilichokuwa nimefanya kwa mikono yangu.

Filamu yangu ya mwisho chuoni nilikuwa nimeandika itakuhusu wewe. Mhadhiri aliposikia sina picha yako wala sauti akanishauri nitafute mwigizaji. Ana nia njema. Lakini nani ataigiza pado yako?

Likizo ilipofika nikaanza kuzunguka kwa wateja wetu, Litein, kisha Kipkelion, nyumba kwa nyumba, kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Walinipa chai, wakanitolea flashi zao, nikavaa hedifoni pale pale sebuleni. Safi. Kila moja safi. Kuna bibi harusi mmoja wa Kipkelion, bila shaka unamkumbuka, yule aliyenyeshewa mvua ya saa nane njia nzima kutoka kanisani. Katikati ya hotuba ya mchungaji anatazama kamera na kuangua kicheko. Anacheka mpaka anashika mdomo. Ulimwambia kitu. Nilikifuta, nikaweka upepo, na sasa yeye mwenyewe hakikumbuki, na mimi pia sikikumbuki. Nililia kwa watu nisiowajua vizuri, Mwalimu, na kikombe cha chai mkononi.

Ya mwisho kwenye orodha ilikuwa Kedowa. Nilikuwa sitaki kwenda, na wewe unajua kwa nini. Ile ndiyo harusi ya kwanza niliyohariri peke yangu. Sikuwa najua hedifoni ni za nini. Nilitazama picha tu, nikapanga picha, nikaweka kwenye flashi, na wewe ukaipeleka bila kuikagua. Ukaja kujua siku ya pili. Hukunipigia kelele, na afadhali ungenipigia. Ulisema tu, "Kemunto, watu wanataka kuona mtoto wao akiolewa. Hawataki kusikia mimi." Ukapanda pikipiki ukaenda Kedowa kuomba msamaha, ukarudi jioni umelowa, hukusema walikujibu nini, nami nikadhani flashi ile walishaitupa. Mimi niliona haya mwaka mzima. Fagio lilianzia hapo.

Mama wa bibi harusi alinitambua nikiwa bado langoni. Alitoa flashi kutoka kwenye mkebe wa majani ya chai, imefungwa kwenye leso. Akasema, "Arap Langat alikuja hapa akitaka kuirudisha itengenezwe upya. Tukakataa. Tumtoe kwa nini, na yeye ndiye alitufanya tucheke siku hiyo?"

Uko humo, Mwalimu. Harusi yote uko humo. Unawasongeza watu, unamtania bwana harusi, unamwambia shangazi fulani kofia yake inaficha milima. Wanawake wanaimba na wewe unaitikia, huijui ile sauti ya tatu lakini unailazimisha. Nilingoja kikohozi. Nilishika ukingo wa meza nikikingoja mpaka mwisho, na hakikuja. Kifua chako kilikuwa kizima. Nilikuwa nimesahau kwamba kiliwahi kuwa kizima.

Jana nikaja hapa kwako. Kabla ya kufungua laptopu nilimwambia Mama Chebet habari ya kikohozi, yote, hata ule mzaha wangu. Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Mimi nililala na hicho kikohozi kitanda kimoja, Kemunto." Tulimalizia maharagwe pamoja.

Leo asubuhi, baada ya uji, nikaweka laptopu kwenye kile kistuli chako na Chebet akasimama mbele yake, pua karibu iguse kioo. Mama yake alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Ikaanza. Wanawake wanateremka na maharusi kati ya mashamba ya chai, vumbi, nyimbo. Kuna watoto wanaokimbia mbele ya kamera, na mmoja wao anasimama katikati kabisa akiziba kila kitu. Na wewe unasema, polepole, jinsi ulivyokuwa unasema na watoto, "Wewe mtoto, songa kidogo. Songa, tuone mama."

Chebet akasonga.

Alipiga hatua moja kando, akatulia, akageuka kumtazama mama yake aone kama amesonga vya kutosha. Mama Chebet akaketi chini pale pale mlangoni, kanga mdomoni. Mimi nilikuwa nyuma yao, kamera yako mkononi, na nilisahau kabisa kuiwasha. Nisamehe kwa hilo. Au labda ungesema ni sawa.

Ameirudia sehemu hiyo mara nyingi mpaka akachoka akalala. Kila mara anasonga.

Mhadhiri ataniambia sauti ya filamu yangu ni chafu, kwamba mtu wa kamera anasikika, nisafishe. Sitasafisha. Akitaka kuninyima alama aninyime. Na ninakuahidi jambo lingine, hili kubwa zaidi: mtu yeyote nitakayefanya kazi naye, nikisikia kitu kwenye hedifoni ambacho mwenyewe hakisikii, nitavua hedifoni nimwambie usoni kabla sijagusa kitu. Hata akisema ni baridi.

Maji ya chai yamechemka na mtoto anaamka. Anauliza kama umeshawekwa tena kwenye laptopu. Nikuache hapo, Mwalimu. Pumzika, umesimama kwa miguu yako miaka mingi kwenye harusi za watu. Fagio nimeliweka chini.

Ni mimi,
Kemunto