Chaki ku Milango ya Mikelenge

Kindu, Mikelenge

Mama yangu mupendwa,

Pokea salamu za watoto wako wawili. Goti lako linaendelea namna gani na hiyo mvua ya Punia? Mimi na kaka Ramazani tuko wazima, alhamdulilahi. Mwili hauna neno. Moyo njo hauna raha, na kwa telefone sauti inakatikakatika, kwa hiyo ninaandika.

Unajua mwaka huu tunajifunza kufanya utafiti. Mwalimu anataka njia mbili zitembee pamoja: kuhesabu kwa karatasi ya maswali, kisha kuketi na watu wachache na kuwasikiliza. Anasema, "Hesabu itakuambia ni wangapi. Mudomo wa muntu utakuambia sababu ni nini." Mimi nilicheka kimoyomoyo. Hesabu tu njo niliipenda, hadisi za wazee niliona zinapoteza wakati. Kichwa yangu ngumu unaijua.

Nilitaka kujua nyumba ngapi zinakunywa maji ya kisima. Nilipanga kuingia kila nyumba ya tano, na ili nisipotee, nilipita kwanza avenyu nzima na chaki, nikachora duara kwenye mulango wa kila nyumba ya tano. Kesho yake ninarudi na karatasi zangu: zile nyumba zote zimefungwa. Mikeka hakuna, sufuria hakuna, hata kuku hakuna. Majirani wananiangalia bila kuitika salamu. Niliogopa, Mama, na ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Muzee mumoja, mama muuza sombe, yale majani ya muhogo, akanivuta mukono. "We mutoto, nani amekutuma kuandika milango?" Nikamueleza masomo yangu. Akaketi chini. "Wakati wa vita walipita vile vile na chaki, wapole, wanasalimia watu. Kesho yake walirudi kwenye milango yenye alama, wakatoa wanaume."

Hapo nikakumbuka kitambaa chako. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha moto, unapangusa mulango na maji. Nilikuwa ninakucheka: "Mulango wetu unanawa uso kuliko sisi!" Wewe ulikamua kitambaa, ukaendelea kupangusa. Na juu ya Baba, tangu tulipokimbia vita kwenda Punia, ulisema tu, "Alibaki Kindu." Nisamehe, Mama. Haya imenishika mpaka leo.

Nilifuta maduara yote, nyumba kwa nyumba, nikiomba musamaha. Watu walirudi kidogo kidogo. Mwalimu amesema nianze upya, mara hii nisikilize kwanza.

Lakini leo asubuhi kuko alama kwenye mulango wa Shangazi, hapa tunapokaa. Nyumba hii haimo kwenye daftari langu, na alama si duara. Shangazi anasema ni michezo ya watoto. Alisema vile bila kuniangalia, yeye dada ya Baba. Ramazani alicheka, akaenda kazi. Nikimuambia aondoke Kindu hatanisikia. Wewe atakusikia.

Nisalimie Bibi, mama yako, na Amina, mudogo wangu, asikuachie ndoo nzito. Mwenye pikipiki anayekuletea barua hii atangoja jibu.

Alama nimeifuta, lakini nimeichora nyuma ya karatasi hii namna niliiona. Kama njo ile ya mulango wetu wa zamani hapa Kindu, usiandike mengi. Andika tu: Ramazani arudi.

Mutoto wako,
Zaina