Kapo Inayong'ata

Jumatatu, 4 Machi

Mkwe wangu kaniletea kapo sita za springi. Ameagiza makatoni ya hizo kwa duka lake la ala za muziki, na anataka kila boksi liandikwe: "Imepimwa na Mwalimu." Mwalimu ni mimi, mfundishaji wa gita. Nikamwambia basi ngoja nipime kwanza. Akacheka. "Baba, si kibanio tu?"

Kibanio tu! Kapo hubana nyuzi zote za gita kwa pamoja, pale shingoni, ili wimbo upande bila mpigaji kubadili vidole. Ikikosea, nyuzi sita zinasema uongo kwa mkupuo mmoja.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima zote. Hazifai.

Nimetyuni gita kwa utulivu, nikabana kwenye freti ya pili, kile kijiti cha chuma shingoni, nikapiga. Mke wangu akaita kutoka jikoni: "Huyo paka mfungulie mlango."

Springi ina nguvu mno. Uzi ukikandamizwa kupita kiasi hukazika, na ukikazika sauti hupanda. Halafu chuma cha kubania kimenyooka, ilhali shingo ya gita langu imebinuka kidogo katikati. Kwa hiyo nyuzi za katikati zinapiga kelele, za pembeni zinakoroma. Mpira wa kapo, unaogusa nyuzi, umeshachimbika, na unanuka kama ndala mpya iliyosahauliwa juani. Nimenawa mikono mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepita dukani. Sasa nimeelewa springi ile ilitoka wapi.

Mteja anaingia. Mkwe anambana kidole kwa kapo. "Unaona inavyong'ata?" Mteja anaruka, anapuliza kidole, anacheka, ananunua. Magita yametundikwa ukutani, hakuna anayelishusha hata moja. Na ni mkwe mwenyewe aliyewaomba watengenezaji wakaze springi zaidi — anajisifu! Ni sawa na kuchagua viatu kwa kupigwa navyo.

Nikashusha gita, nikabana, nikapiga, nikamweleza taratibu. Alisikiliza kwa adabu zote.

"Hilo sikio lako ni la mwalimu, Baba. Wateja wangu hawana sikio hilo."

Yaani kwa kuwa hawasikii, tuwauzie.

Jumamosi, 9 Machi

Binti yangu amekuja peke yake. Hakuvua hata mtandio. Anasema makatoni yamejaza chumba cha watoto wao, wanalala sebuleni. Mume wake aliacha kazi kwa ajili ya duka hili, na wenye maduka mengine wamesema watachukua mzigo endapo tu neno langu lipo. Wengi wao niliwafundisha mimi.

Nikaanza kumweleza habari za springi. Akanishika mkono.

"Baba, najua. Nilikaa darasani kwako. Sikuombi useme ni nzuri. Sema tu si mbaya."

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho! Mtoto akikosea noti darasani sikumwambia kesho hata siku moja.

Ameondoka. Nimekaa na gita mapajani, kapo ile ile shingoni mwake, nasema kwa sauti ya chini: "Si mbaya." Nimesema tena. Mke wangu ameuliza naongea na nani. Nimeirudia mara ya tatu. Mwanzoni ilitoka vipande vipande, ikanitia kinyaa.

Safari hii imetoka vizuri kabisa.